Kazi Iliyofichwa Ukutani



Kuna kosa moja ambalo nimelibeba kwa miaka mingi, na leo nataka liwafae ninyi. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kujifunza ufundi wa umeme wa majengo. Tulikuwa tukiweka umeme wa jenereta katika kituo kimoja cha afya kwenye milima ya Masisi. Fundi wangu aliteremka Sake kununua vifaa, akaniachia chumba cha mwisho, chumba chenye friji ya chanjo. Nyaya tatu zilipaswa kufika kwenye prizi ya friji ile. Wa kwanza huleta umeme, wa pili huurudisha, na wa tatu, wenye rangi ya kijani na njano, hauna kazi yoyote siku mambo yakiwa mema. Huo huenda ardhini. Nilipoupima nikaona umepungua mita kama nne. Nikajaribu friji bila huo, ikanguruma vizuri. Nikasema moyoni kwamba nitaumalizia siku nyingine. Nikafunga prizi, nikafagia vumbi, na fundi aliporudi nikamwambia kazi imekwisha.

Miezi michache baadaye waya mmoja ndani ya friji ulichubuka na kugusa bati la mlango. Mama mmoja aliyekuwa akiosha sakafu, miguu mitupu ndani ya maji, akaushika mlango ule. Mkono wake ukagandamana nao mpaka kijana mmoja alipokimbia kuzima jenereta. Mama aliishi, Mungu ashukuriwe. Kiganja chake kina kovu hata leo, nami nimeliona. Hakuna aliyenishtaki, kwa kuwa hakuna aliyejua. Ukiitazama prizi kwa nje, ilikuwa nzuri kabisa.

Ninawaeleza habari hii kwa sababu vijana wengi wa Masisi na Walikale siku hizi wanaitwa mafundi wa umeme baada ya miezi miwili ya kubeba mfuko wa mtu mwingine. Watu wetu nao wanawapokea, maana wanapobonyeza swichi taa inawaka, na wote hushangilia. Mimi nasema wazi: fundi wa umeme hapimwi kwa taa inayowaka. Taa huwaka hata kwa fundi mbaya. Hupimwa kwa kile ambacho lipu na rangi zimekifunika, ambacho mwenye nyumba hatakiona kamwe, na ambacho siku moja kitaamua kama mtoto wake ataamka au hataamka. Ufundi huu ni wa kujifunza hadi mwisho, na sisi tunaojenga hatuna budi kukubali muda wake na bei yake.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe, kwa maana wengi hawaijui. Watu hudhani fundi wa umeme huja nyumba ikiwa imekwisha, bisibisi mfukoni, akatundika taa na kwenda zake. Kwa kweli anapaswa kufika kabla ya zege la msingi. Katika jengo jipya waya mnene wa shaba tupu, wa milimita 35 za mraba, huzikwa chini ya msingi kulizunguka jengo zima. Huo ndio mlango ambao umeme uliopotea njia utapitia kuingia ardhini badala ya kupitia mwili wa mtu. Zege likishamwagwa, nafasi hiyo haipatikani tena. Itabidi kupigilia vyuma virefu pembeni mwa nyumba, na hapo fundi hujifunza udongo kama mkulima anavyoujifunza. Katika udongo mwekundu wenye unyevu wa mabonde yetu, chuma cha mita mbili huweza kutosha. Juu ya mawe makavu ya volkano kule Goma, ambayo hayapitishi umeme vizuri, hata vyuma kadhaa huenda visitoshe, na lazima apime kwa kifaa, asikisie.

Baadaye hukaa na mwashi. Mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya hulazwa kabla ya lipu, na njia zake huenda wima au mlalo ulionyooka. Sababu yake ni kwamba miaka kumi baadaye mtu atapigilia msumari wa kutundikia picha, naye anahitaji kuweza kubuni waya umepita wapi. Fundi anayepitisha waya kwa mshazari ili kuokoa mita mbili amemtegea mtego mtu ambaye hajamjua bado. Kama mwashi na fundi wa umeme hawasemezani, ukuta uliokwisha kulainishwa utachimbwa tena, mwenye nyumba atalipa mara mbili, na kila mmoja atamlaumu mwenzake.

Ndipo huja hesabu, na hapa naomba wale wanaosema walikimbia shule kwa sababu ya hesabu wasikilize vizuri. Waya una unene wake. Kwa kawaida, taa hupewa waya wa milimita 1.5 za mraba, na prizi waya wa 2.5. Kila njia hulindwa na kikatio chake, kile ambacho mafundi wetu hukiita disjonkta: ampea 16 kwa waya mwembamba, 20 kwa ule mnene zaidi. Mpangilio huu una maana. Umeme ukipita katika waya huupasha joto, na joto hilo haliongezeki sawa na umeme. Umeme ukiwa mara mbili, joto huwa mara nne. Ukiwa mara tatu, joto huwa mara tisa. Kwa hiyo mtu anayeondoa kikatio cha ampea 16 kwa sababu kinakatika mara kwa mara, akaweka cha 32, amefanya kazi ya kumfukuza mlinzi kwa kosa la kupiga kelele wezi walipokuja. Anayeweka kipande cha waya au msumari mahali pa fyuzi amefanya vibaya zaidi. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, kuanzia msingi hadi paa. Waya ukipata moto ndani ya ukuta wa mbao, usiku, familia ikiwa imelala, hakuna muda wa kutafuta ufunguo.

Tena kuna kifaa kingine ndani ya sanduku la umeme, ambacho hulinganisha umeme unaotoka na ule unaorudi. Vikitofautiana kwa milliampea 30, hukata mara moja, maana umeme huo uliokosekana huenda unapita katika mwili wa mtu. Milliampea 30 ni kiasi gani? Ni umeme unaotumiwa na taa ndogo ya wati 7 kwenye volti 230. Kiasi hicho kikipita kifuani kinaweza kuzuia pumzi, na kikizidi kidogo huuvuruga moyo. Yaani umeme wa taa moja hafifu ya sebuleni unatosha kumuua mtu. Kama kifaa hicho kingekuwapo katika kituo kile cha afya, kosa langu lisingemuunguza yule mama.

Mwishowe fundi hupima. Hupima kabla ya kuwasha, si baada yake. Huandika juu ya kila kikatio ni cha chumba gani, huchora ramani ya njia za nyaya, na humkabidhi mwenye jengo. Nimeingia katika majengo mengi ya watu wote, shule, makanisa, vituo vya afya, na majengo yenye ramani hiyo nayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Kuna watakaosema: hayo ni ya mjini; sisi tuna sola tu, na sola haiui. Neno hili nimelisikia Masisi, nimelisikia Walikale, na ni kweli nusu. Volti 12 za betri hazimrushi mtu ukutani. Lakini nguvu ileile ikitolewa kwa volti ndogo huhitaji umeme mwingi. Chukua mfano wa wati 600. Kwenye volti 230 hazifiki hata ampea 3. Kwenye volti 12 ni ampea 50, umeme ambao waya mwembamba wa taa utauchukua kwa dakika chache tu kabla ya ngozi yake kuyeyuka. Betri kubwa isiyo na fyuzi karibu na mdomo wake, nyaya zake zikigusana, huyeyusha shaba na kuwasha mbao kwa muda wa kusema Salamu Maria moja.

Halafu kuna hasara isiyoonekana. Ukipitisha ampea 10 katika waya wa 1.5 kutoka kwenye betri hadi chumba kilichoko mita 20, unapoteza njiani karibu volti 4.7. Kwenye volti 230 hasara hiyo ni asilimia 2 tu, hakuna atakayeijua. Kwenye volti 12 ni asilimia 39. Taa zinafifia, mwenye nyumba anasema amedanganywa na muuza betri, ananunua betri ya pili, nayo inakufa kabla ya mwaka. Fedha za familia zimeliwa na waya mwembamba. Fundi aliyejifunza hadi mwisho angemwambia: sogeza betri karibu, nenepesha waya, au tumia volti 24, na umeme utapungua nusu. Ushauri huo hauna uzito wowote mkononi, lakini ni huo ambao fundi hulipwa kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo hatupendi kulizungumza. Milima ya Kivu ni miongoni mwa mahali duniani panapopigwa na radi zaidi. Watafiti waliohesabu radi kwa kutumia satelaiti walitangaza mwaka 2016 kwamba Kabare, jirani zetu wa Kivu ya Kusini, hupata zaidi ya radi 200 kwa kila kilomita moja ya mraba kwa mwaka, na kwamba ni ziwa Maracaibo tu, huko Venezuela, linaloizidi. Masisi na Walikale ziko katika ukanda huohuo wa milima, misitu na mawingu mazito. Tunajua sote jinsi radi inavyoingia darasani au katika kikanisa kilichojengwa kilimani. Na tunajua kinachofuata baada ya mazishi: watu hukaa usiku wakiulizana ni nani aliyeituma. Jina la mjane mmoja hutajwa, au la mzee mwenye macho mekundu, na mara nyingine damu ya pili humwagika juu ya ile ya kwanza.

Vijana wapendwa, radi haina anwani ya mtu. Hutafuta njia ya kufika ardhini, na mara nyingi huchagua kilicho kirefu, kilichosimama peke yake: mti, mnara, msalaba wa chuma juu ya paa la mabati. Fundi huweka ncha ya chuma juu kabisa ya jengo, huteremsha waya mnene ulionyooka bila kona kali, na kuufikisha ardhini mahali palipopimwa. Haahidi kwamba radi haitapiga; anaitengenezea njia isiyopita kwa watoto. Mtu anayeijua kazi hiyo akisimama katika kilio na kueleza kwa utulivu kilichotokea, huenda akaokoa maisha ya yule mjane. Sijui kozi nyingine ya miaka miwili au mitatu inayompa kijana uwezo wa kuzuia vifo viwili kwa pigo moja.

Wengine huniuliza: kwa nini tujifunze kazi ya umeme mahali pasipo na umeme? Swali ni la haki. Katika nchi yetu nzima, takriban mtu mmoja tu kati ya watano hupata umeme, na vijijini ni wachache zaidi. Tangu mwaka 1982 kuna njia ya umeme ya kilomita zipatazo 1,700 kutoka Inga hadi Kolwezi, iliyojengwa kwa ajili ya migodi ya shaba ya Katanga. Imepita juu ya vijiji vingi ambavyo usiku hutumia kibatari, na hakuna anayeweza kuuteremsha umeme ule bila mitambo ya gharama kubwa, kwa kuwa ni umeme wa aina isiyobadilishwa kwa transfoma ya kawaida. Kwetu nako, ardhi hutoa kile ambacho umeme wa dunia hauwezi kukikosa. Machimbo ya Bisie katika Walikale ni kati ya yale yenye bati zito kuliko yote duniani, na karibu nusu ya bati yote ya dunia hutumika kuunganishia vifaa vya umeme. Koltani ya Rubaya, katika Masisi, hutoa metali inayotengenezewa vifaa vidogo vilivyomo katika kila simu. Inakadiriwa kwamba machimbo hayo hutoa kama asilimia 15 ya metali hiyo duniani. Kwa hiyo kila kiungo cha kila kompyuta huenda kina tone la jasho la kijana wa kwetu, huku kijana huyohuyo akisoma kwa mwanga wa simu iliyokaribia kuzimika.

Sisemi haya ili tulie. Nasema kwa kuwa kuna vijana wetu wanaoshuka katika mashimo ya Rubaya wakijua kwamba mlima huanguka na kuzika watu, na wanashuka kwa sababu hawaoni kazi nyingine. Wakati huohuo kila kituo cha afya kinachotaka friji ya chanjo, kila shule inayotaka kompyuta moja, kila mama anayefungua kinu cha kusaga mahindi, kila parokia inayonunua paneli za sola, anatafuta fundi na hampati, au anampata yule niliyekuwa mimi katika mwaka wangu wa pili. Penye kijito chenye nguvu panaweza kujengwa mtambo mdogo wa maji. Kule Matebe, katika Rutshuru, mto umezaa umeme unaozidi megawati 13 tangu mwisho wa mwaka 2015. Umeme huo haukuingia majumbani kwa miguu yake wenyewe. Nguzo moja baada ya nyingine, sanduku moja baada ya jingine, mafundi waliufikisha.

Na vita? Najua mtaniuliza. Wengi wenu mnasoma ukurasa huu mkiwa ugenini, mmekimbia mara ya tatu au ya tano. Nami nimeacha nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Mwishoni mwa Januari 2025 umeme ulipokatika Goma, pampu za maji zilisimama, na watu wengi wakachota maji ziwani. Siku hizo kila mtu alielewa kwamba anayejua kuunganisha njia ya umeme iliyokatika anawapa watu maji ya kunywa. Nyumba huchomwa, shamba huachwa, duka huporwa. Ujuzi ulio kichwani na katika vidole hukimbia pamoja na mwenyewe, na anapofika humlisha.

Lakini ujuzi peke yake hautoshi, na hapa ndipo ninapotaka kukazia. Sokoni kuna waya ulioandikwa 2.5 ambao shaba yake haifiki hata 1.5. Kuna waya mwingine unaong'aa kama shaba, lakini ukiukwangua kwa kisu unakuta ndani ni mweupe: ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia kama 60 tu ya shaba ya unene uleule. Ushike mkononi, utausikia mwepesi. Mwenye nyumba hajui tofauti. Muuzaji hukupa bei ya chini na kukuandikia risiti ya bei ya juu, na tofauti inabaki mfukoni mwako. Lipu litafunika kila kitu. Hakuna padri atakayeona, hakuna mzazi, hakuna mkaguzi.

Sisi wa Goma, Masisi na Walikale tunaye mtu wa kumtazama katika saa hiyo. Mwenye heri Floribert Bwana Chui hakuwa padri wala mtawa. Alikuwa mlei kama sisi, kijana wa miaka 26, mfanyakazi wa ofisi inayokagua bidhaa zinazoingia nchini. Mwaka 2007 alikataa fedha alizoahidiwa ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni Goma, na kwa kukataa huko aliuawa. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, Kanisa lilimtangaza kuwa mwenye heri. Chakula kile kingeliwa na watu ambao hakuwajua, na ambao wasingejua kamwe kwamba yeye ndiye aliyewaepusha na ugonjwa. Waya mbovu nao ni chakula kilichoharibika, kilichofichwa ukutani. Siwaombi kufa kwa ajili ya waya. Ninawaomba mkatae dola ishirini.

Sasa nigeukie upande wetu, sisi wazazi, wakuu wa mashirika na kamati za ujenzi, maana si haki kuwabebesha vijana mzigo wote. Sisi ndio tunaomwalika fundi wa bei ya chini kuliko wote. Sisi ndio tunaomwita wakati rangi imekauka, kisha tunashangaa nyaya zikining'inia nje kama kamba za nguo. Sisi ndio tunaosema kwamba waya wa ardhi ni gharama ya bure, kwa kuwa taa zinawaka bila huo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee. Nasi tumejenga kuta nyingi, na makaburi pia. Kamati ya parokia inayotumia maelfu ya dola kwa paa inaweza kutenga siku mbili kabla ya lipu ili fundi wa pili, asiye ndugu wa yule wa kwanza, apite chumba kwa chumba akiangalia kilichomo ukutani. Inaweza pia kupiga picha kila ukuta kabla haujafunikwa na kuzihifadhi. Picha hizo ni za bure, na siku ya matatizo zina thamani kuliko sanduku la sadaka.

Kwa wanaotaka kujifunza, njia zipo, ingawa hazilingani kwa wote. Goma kuna taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, iliyoanzishwa nchini mwaka 1964, na kuna wana wa Don Bosco huko Ngangi, ambao wamewafundisha ufundi vijana wengi walioyakimbia makazi yao. Aliye mbali, ambaye barabara imemfungia, na aanze kwa fundi mwema wa kijijini, lakini aanze na daftari. Kila siku aandike: leo tumepitisha waya wa unene gani, kwa mzigo gani, kwa urefu gani, na kwa nini. Fundi asiyeweza kujibu hilo "kwa nini" amempa mwanafunzi wake nusu ya kazi, na nusu ya kazi ya umeme ni hatari kuliko kutoijua kabisa, kwa kuwa asiyejua huogopa kugusa.

Wasichana nao wasikubali kuambiwa kwamba kazi hii ni ya wavulana. Haihitaji misuli kama uashi. Inahitaji jicho, subira, hesabu na mkono usiotetemeka. Nimefanya kazi na dada mmoja kutoka Walikale ambaye sanduku lake la umeme lilikuwa kama daftari la mwanafunzi wa kwanza wa darasa: kila waya mahali pake, kila jina limeandikwa. Miaka mingi mbele, fundi atakayelifungua sanduku hilo usiku, tochi mdomoni, atambariki bila kumjua.

Niwaambie mwisho wa ile habari ya friji. Baada ya kuliona kovu la yule mama, nilirudi kwenye kituo kile na mita tano za waya wa kijani na njano nilizozinunua kwa fedha yangu. Nikafungua prizi, nikaunganisha, nikapima, nikafunga. Kazi yenyewe haikuchukua saa nzima. Nilipomaliza, chumba kilionekana vilevile kama siku ya kwanza. Hakuna aliyetambua kwamba kuna kitu kimebadilika. Yule mama alipita na ndoo yake, akanisalimu, akaushika mlango wa friji ili nipate nafasi ya kupita. Nilitazama mkono wake mpaka alipouachia.

Maswali ya kutafakari katika vikundi:

1. Katika kazi, masomo au biashara yako, ni kitu gani ambacho hakuna atakayekiona, lakini ambacho mtu mwingine anaweza kuumia kwacho?

2. Radi inapoua katika kijiji chetu, tunasema nini katika kilio? Ni nani kati yetu anayeweza kueleza kilichotokea, na tunampa nafasi ya kusema?

3. Majengo ya parokia yetu yana waya wa ardhi, vikatio vinavyofaa na ramani ya umeme? Nani atakwenda kuangalia, na lini?